Tulipojifunza kutembea kwa mwendo wa watoto

Mvua ilitukuta katikati ya msitu, pale ambapo njia ya kwenda Ziwa Ngosi inaanza kupanda kwa ukali na mguu unatafuta mzizi wa kushika usiteleze. Tusekile alikuwa mgongoni kwangu, ana miezi 11, nimemfunga kwa kitenge juu ya sweta. Kitenge kilikuwa kimelowa chepe, na mtoto amelia mpaka sauti imemkauka. Mume wangu alikuwa mbele pamoja na kijana aliyekuwa akituongoza, anageuka kila baada ya hatua chache: "Mama Tuse, jikaze, tumebakiza kidogo." Nikakaa juu ya gogo, nikamwambia sisogei tena. Tulishuka bila kuliona ziwa.

Hiyo ilikuwa Machi 2019, safari yetu ya kwanza tukiwa familia. Naiandika leo kwa sababu mdogo wangu wa Mafinga amejifungua, na juzi kanipigia simu kuniuliza wampeleke wapi mtoto wa miezi saba "ili na sisi tuwe na picha nzuri". Nilianza kumjibu kwenye simu, salio likakata kabla sijafika hata nusu. Basi nimekaa chini kuyaandika yote, yeye asome, na mwingine yeyote mwenye mtoto mdogo na hamu ya kutoka.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko karibu na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mume wangu ni fundi magari. Tunakaa Ilomba, wakati ule kwenye chumba na sebule, sasa tumeongeza chumba kimoja. Watoto ni wawili: Tusekile, aliyezaliwa Aprili 2018, na Ambakisye, wa Februari 2021. Majina ni ya kwao mume wangu, ya Kinyakyusa; mimi ni Mhehe, nimeyapokea kwa moyo mmoja, hasa hilo la kwanza, maana yake ni kwamba tumefurahi.

Nirudi Ngosi. Makosa yetu yalianza kabla hatujatoka nyumbani. Tulikuwa tumepanga kuondoka saa moja asubuhi, lakini kulikuwa na gari la mteja gereji, ikabidi Baba Tuse alimalize kwanza, tukatoka saa tano. Mwezi wa tatu, kwenye milima ya Uporoto, ukitoka nyumbani saa tano unaifuata mvua ilipo. Asubuhi kunaweza kuwa kweupe kabisa, mchana mawingu yameshuka mpaka kwenye miti. Pili, tuliambiwa kupanda ni kama saa moja hivi. Aliyetuambia alikuwa kijana asiye na mzigo. Mama mwenye mtoto mgongoni, anayesimama kunyonyesha, kubadili nepi na kupumua, huo siyo muda wake. Tatu, tulibeba nguo moja tu ya akiba ya mtoto, na yangu hata moja. Nilishuka mlima nikitetemeka, na tulipofika barabarani pale Isongole tulisubiri gari la kurudi mjini karibu saa nzima, mtoto nimemwingiza ndani ya koti la baba yake.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la fedha. Usafiri wa kukodi, mwongozaji, chakula, na ile gauni mpya niliyomshonea Tuse pamoja na viatu vyake, vilikula kama shilingi 80,000. Hatukuwa na 80,000 ya matembezi. Tuliichomoa kwenye kodi ya miezi sita tuliyokuwa tunaikusanya. Baba mwenye nyumba alipokuja mwisho wa mwezi tukaanza kumpiga kalenda, na mimi nikaenda kukopa kwenye kikundi chetu cha kina mama. Usiku ule tuligombana vibaya. Nilimwambia, "Ungeniambia fedha ni ya kodi ningebaki nyumbani." Akanijibu, "Wewe ndiye uliyesema wenzako wote wamepiga picha Ngosi." Alichosema kilikuwa kweli, na nilichosema mimi kilikuwa kweli vilevile. Mtoto hakuwa ameomba chochote.

Baada ya hapo karibu mwaka mzima hatukwenda popote. Tulikuwa tumeumia. Kila nikiwaza kutoka nawaza lile gogo na ile kodi. Baba Tuse akawa anaongeza saa za kazi ili deni liishe: anatoka mtoto amelala, anarudi saa mbili au saa tatu usiku mtoto amelala. Jumapili ndiyo siku pekee, na Jumapili alikuwa amechoka, analala mpaka mchana.

Kuna Jumapili moja, Tuse ana kama mwaka na nusu, baba yake aliamka akamnyanyua sebuleni. Mtoto akapiga yowe, akanyoosha mikono kwangu kana kwamba kashikwa na mgeni. Baba yake alinikabidhi mtoto bila kusema neno, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi. Nilipomfuata baadaye nilimkuta ameinamisha kichwa. Sijui kama alilia, sikuuliza. Lakini naamini maisha yetu kama familia yalianzia pale kwenye ngazi, wala hayakuanzia kwenye harusi.

Wiki iliyofuata tulikwenda Tukuyu kumsalimia mama mkwe. Yule mama hana maneno mengi. Alikuwa anamenya ndizi za kupika mbalaga, mimi namsaidia, nikamweleza yote: Ngosi, kodi, na kilio cha Jumapili. Akaniambia, "Mwanangu, mtoto hana habari na ziwa. Mtoto ana habari na aliyembeba." Kisha akaniagiza maji.

Tuliporudi, Baba Tuse aliamua mambo mawili, na yote hayakugharimu hata senti. La kwanza, uji wa asubuhi ni wake. Anaamka saa kumi na mbili kasoro, anawasha jiko, anakoroga uji wa ulezi na maziwa, anamlisha mtoto mwenyewe kabla ya kwenda kazini. Dakika 20 hivi. Mimi wakati huo naoga na kujiandaa bila kukimbizana. La pili, Jumapili alasiri ni ya kutembea na mtoto, kwa miguu au kwa daladala, mahali pa karibu.

Hapo ndipo tulipoigundua stesheni ya reli ya TAZARA kule Iyunga. Nasema tuliigundua ingawa iko pale tangu miaka ya sabini, kila mtu wa Mbeya anaijua, na sisi tulikuwa tukiipita tu. Lile jengo ni kubwa, na nje pana nafasi ya mtoto kukimbia bila kugongwa na bajaji. Jumapili ya kwanza treni haikuja. Ya pili pia hakuna. Tuse hakujali, alikuwa anapanda na kushuka ngazi, ngazi zilezile, mara 30. Jumapili ya tatu tukaangukia treni ya mizigo. Mpaka leo naukumbuka uso wake: mdomo wazi, kidole kimenyooka, anasema "baba, baba, baba" mpaka behewa la mwisho. Alikuwa anamwita baba yake aone.

Alipokua kidogo, baba yake akawa anamwambia kwamba reli ile inaanzia Dar es Salaam na kuishia Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860, na kwamba ilijengwa kati ya 1970 na 1975, Watanzania, Wazambia na Wachina wakitoboa milima kwa pamoja. Mtoto wa miaka minne hajui 1,860 ni kiasi gani. Lakini anajua baba yake anajua kitu kuhusu treni, na yeye anakwenda kuwaambia wenzake wa jirani.

Kwa wanaohesabu: nauli ya kwenda na kurudi, mahindi mawili ya kuchoma, na maji tuliyobeba nyumbani. Kwa miaka ile haikuwahi kuzidi 5,000. Mtoto anakaa mapajani, halipiwi. Ushauri wangu hapa ni mmoja, mrudishe mtoto mahali palepale. Sisi wakubwa tunataka kila mara pawe papya. Mtoto mdogo anapenda kujua kwamba akifika pale atakuta ngazi zake.

Maisha ya kila siku nayo yakaanza kuwa na utamu wake. Jumamosi asubuhi nilianza kwenda na Tuse sokoni badala ya kumwachia jirani. Kumpeleka mtoto Mwanjelwa kunahitaji moyo, maana utamaliza shughuli ya nusu saa kwa saa moja na nusu, lakini ndiko alikojifunza kuhesabu, kwa mafungu ya nyanya na viazi. Kina mama wa viazi wanamjua kwa jina. Anachagua parachichi mwenyewe, analibonyeza kidogo kwa kidole gumba kama alivyofundishwa, na akikosea tunakula hilohilo gumu siku ya tatu.

Kitu kimoja kuhusu baridi, kwa sababu watu wanaohamia huku kutoka Dar hawaambiwi mapema. Juni na Julai Mbeya siyo mchezo. Julai 2020, usiku, tuliingiza jiko la mkaa chumbani, tukafunga mlango na dirisha ili mtoto apate joto. Niliamka usiku kichwa kinapasuka, nikaona kizunguzungu, Baba Tuse naye hivyohivyo, tukafungua mlango na kutoka na mtoto barazani tukiwa na mablanketi. Tulipona. Kuna familia hazikupona kwa jambo hilihili, hewa ya mkaa huua watu wakiwa usingizini, haina harufu ya kukushtua. Tangu siku ile jiko linabaki nje, na joto la watoto tunalitafuta kwenye mitumba: soksi nene, kofia ya sufu, suruali mbili, sweta zito. Sweta la mtoto la elfu mbili, likifuliwa vizuri, linamvusha msimu mzima.

Ambakisye alipozaliwa tulikaa tena bila safari mwaka mzima, na mara hii hatukusononeka. Tulikuwa na stesheni yetu. Ndipo nikapata wazo la kibubu. Nilinunua cha udongo, nikakiweka juu ya kabati: kila Jumamosi mimi 2,500, mume wangu 2,500. Wiki isiyo na kazi tunaiacha, hatulipizi, maana nilijua tukianza kudaiana wenyewe kwa wenyewe kibubu kitakuwa deni jingine. Kikienda vizuri mwaka mzima ni 260,000. Hakiguswi kwa kodi, wala kwa ada, wala kwa msiba. Na kodi haiguswi kwa matembezi. Hilo la pili ndilo lililoleta amani.

Pasaka ya 2022 tukavunja kibubu cha kwanza na kwenda Matema.

Matema ni kuzuri kupita ninavyoweza kueleza. Unashuka kutoka Mbeya, yenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, unapita Tukuyu kwenye migomba na chai, hewa inazidi kuwa nzito na ya moto, unaanza kuwavua watoto masweta mmojammoja, mpaka unafika ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 kasoro. Mchanga, maji mapana kama bahari, na milima ya Livingstone imesimama pembeni, imeingia moja kwa moja majini. Tulichukua kosta pale Uyole hadi Kyela, kisha gari dogo kupitia Ipinda. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Somo la Ngosi tulikuwa tumelishika: kuondoka mapema, begi lenye nguo tatu za akiba kwa kila mtoto, chupa ya uji, ndizi za kuchemsha, maji, kanga mbili, kadi za kliniki.

Siku ya Jumamosi tulikwenda gulio la Lyulilo, ambako vyungu vya Wakisi vinashushwa kutoka kwenye mitumbwi na kupangwa mchangani. Tuse alikuwa na miaka minne. Alichagua kijungu kidogo cha kuchezea, akakibeba mwenyewe mpaka Mbeya amekikumbatia kama mtoto mchanga. Watoto walicheza majini pembeni yetu, tukiwa tumewauliza kwanza wenyeji wapi ni salama. Hilo fanyeni kila mnapokwenda ziwani: ulizeni wavuvi, ulizeni kina mama wanaofua, wao wanajua mahali pa mamba na mahali maji yanakoingia kina ghafla. Jioni tulikula samaki na wali wa Kyela. Nilimtazama mume wangu akiwa amelala mchangani, Amba amekaa tumboni kwake, nikasema moyoni kwamba hii ndiyo niliyokuwa naitafuta Ngosi.

Nyumba ya wageni tuliyolala ilikuwa na chandarua chenye matundu. Niliyaona. Nilifunga matundu mawili kwa vibanio vya nywele na kulala. Hili ndilo kosa ninalojutia kuliko yote ninayoyaandika hapa.

Tulirudi Jumapili jioni, kila mtu salama. Siku 12 baadaye Amba akaanza homa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, meno ya nyuma yanatoka, na kila mtu aliyemshika alisema ni meno. Mimi pia nilisema ni meno. Nikanunua dawa ya maji ya kushusha homa, nikampa, homa ikashuka, ikapanda, nikampa tena. Huku kwetu mjini malaria haimo vichwani mwetu, ukiona homa unafikiri mafua au meno. Siku ya tatu ilikuwa Mei Mosi, gereji imefungwa, baba yao yuko nyumbani. Saa nne asubuhi mtoto akakakamaa mikononi mwangu, macho yakageuka juu, akaanza kutikisika. Degedege.

Sikumbuki tulivyofika hospitali. Nakumbuka bajaji, nakumbuka Baba Tuse hana viatu. Muuguzi aliyetupokea, kabla ya kuuliza kitu kingine chochote, aliuliza: "Mama, mtoto alisafiri?" Nikajibu Matema, lakini siku nyingi zimepita, karibu wiki mbili. Akasema, "Hizo ndizo siku zake." Wakamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, na ilikuwa imeshakuwa kali. Alilazwa siku nne. Alipigwa sindano, kisha akamaliziwa dawa mseto za kunywa nyumbani. Siku zote nne mimi nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda chake, kibanda kimefungwa, nguo za wateja za sikukuu ya Idi hazijaisha, na Baba Tuse anakwenda na kurudi na Tuse mkononi. Amba alipona kabisa, Mungu ni mwema. Lakini nilikaa miezi siwezi kuangalia picha za Matema.

Nitayasema waziwazi mambo niliyoelezwa pale wodini, kwa sababu sikuyajua nikiwa na umri wa miaka 29 na watoto wawili. Mtoto aliyekulia kwenye baridi, ambako mbu wa malaria ni wachache, mwili wake haujazoea malaria hata kidogo. Ukimteremsha Kyela, au Dar, au Morogoro, mbu mmoja anatosha. Dalili haziji siku ileile, huja baada ya siku 10 hadi 15 hivi, wakati ninyi mmeshasahau safari. Homa ya mtoto wa chini ya miaka mitano ni ya kupimwa ndani ya siku moja, hata kama meno yanatoka kweli. Na ukifika kwa mhudumu, sema mwenyewe kwamba mlisafiri na mlikwenda wapi, usingoje kuulizwa.

Sasa chandarua chetu wenyewe kinasafiri. Kimekunjwa chini ya begi pamoja na kamba na misumari miwili. Mwaka jana tulikwenda nacho Morogoro kwenye harusi ya binamu, shangazi wakashangaa tunavyogongelea msumari. Nilimweleza kila aliyeuliza.

Ilinichukua karibu miaka miwili kukubali safari nyingine. Baba Tuse hakunilazimisha. Aliendelea kutia 2,500 yake kila Jumamosi, na mimi nikatia yangu bila kusema ya nini. Januari 2024 jirani yetu, mwenye watoto wa umri kama wa kwetu, akaniuliza kama tutachangia Noah kwenda Kitulo. Nilichouliza kwanza ni kama kuna mbu. Akacheka sana, akaniambia, "Mama Tuse, kule hata mbu anatafuta blanketi."

Hifadhi ya Kitulo iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 2,600, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Nilichokipenda kwa familia yenye watoto ni kwamba unashuka kwenye gari na kutembea. Hakuna simba wala tembo wa kuwazuia watoto wasikanyage chini. Maua huanza kuchanua mvua zinaposhika, kama Desemba, mpaka Aprili. Sisi tulikwenda Februari.

Kwa barabara tulipita Chimala, zaidi ya kilomita 70 kutoka mjini, kisha tukaanza kupanda kwenda Matamba kwa ile njia ya kona 57. Watu wanaiita Hamsini na Saba. Watoto walipewa kazi ya kuhesabu kona, na hiyo iliwasaidia kidogo, lakini kwenye kona ya ishirini na kitu mtoto wa jirani alitapika, na wa kwetu mkubwa akamfuata. Tulikuwa tumejiandaa: mifuko ya kutapikia, taulo, maji, na asubuhi tuliwapa uji mwepesi tu bila maziwa. Mtoto anayechefuka mkaeni naye dirishani, atazame mbele mbali. Simamisheni gari mara moja katikati ya mlima hata kama dereva ana haraka, na muafikiane naye hilo kabla ya kuondoka, pamoja na bei. Masikio nayo yanaziba kwa sababu mnapanda zaidi ya mita 1,000 kwa muda mfupi, kwa hiyo mdogo apewe kitu cha kunyonya au kunywa.

Mambo ya lango yasiwashtue. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipiwi kiingilio, Watanzania wazima tunalipa kiasi kidogo, ila malipo ni kwa namba unayopewa, unalipia kwa simu. Hakikisheni fedha iko kwenye simu tangu mjini na chaji imejaa.

Mama mkwe tulikuwa tumempitisha Mbeya siku moja kabla. Ana miaka sitini na kitu na amezaliwa akiuona mlima Rungwe kila asubuhi, lakini Kitulo hakuwahi kufika. Tulipotokea juu, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Watu wazima tukaanza kununa: tumelipa, tumetapikiwa, hatuoni kitu. Nilihisi lile gogo la Ngosi likinirudia. Lakini watoto walikuwa wameshashuka. Kwao ukungu haukuficha chochote, maana wanachotazama kiko chini, karibu na magoti yao. Amba, aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu vizuri, alichuchumaa mbele ya ua moja dogo la njano na kulitazama, nadhani dakika tano nzima. Tulikuwa tumewakataza kuchuma, akawa amefunga mikono nyuma asije akasahau. Bibi yake akachuchumaa kando yake. Wakawa wanazungumza kwa Kinyakyusa, sikusikia wanasema nini, na sikusogea.

Ukungu ulifunguka kama saa sita mchana. Uwanda wote ukatokea, nyasi na maua mpaka macho yanakoishia, meupe, ya njano, ya zambarau, na hakuna mti mmoja wa kuzuia. Tulikula viazi vya kuchemsha na mayai tukiwa tumekaa kwenye kanga. Chupa mbili za chai ya tangawizi ziliisha, tungebeba nne. Saa nane tukaanza kurudi, mapema, watoto wakiwa bado wanataka kucheza. Hiyo ndiyo saa ya kuondoka, ukingoja mpaka mtoto achoke, umechelewa, na njia ya kurudi utailipia kwa machozi.

Upande wetu tulitumia jumla ya 195,000, na yote ilitoka kwenye kibubu. Jumatatu yake nilifungua kibanda, Baba Tuse akakoroga uji, hakuna aliyemwogopa baba mwenye nyumba. Picha tulizopiga hazifiki kumi. Katika nyingi Amba anaonyesha kisogo.

Siku 15 baada ya safari nilikuwa bado nawapapasa watoto mapaji ya uso usiku. Naamini nitafanya hivyo maisha yangu yote, na sitaki kuacha.

Wiki iliyopita tumekivunja kibubu kingine, tukawaita watoto mezani waseme wanataka tuwapeleke wapi Desemba. Tuse amejiandaa, siku hizi anajua ramani: anataka Daraja la Mungu kule Kiwira, akaone mto unavyopita chini ya mwamba, halafu Kimondo cha Mbozi, yote kwa siku moja. Baba yake akamwambia tutachagua kimoja. Kisha tukamgeukia Amba. Akafikiri, akalamba kidole chenye karanga, akasema anataka kwenda Iyunga kuangalia treni.

Dada yake akamwambia kwamba Iyunga tunakwenda Jumapili hii.

"Ndiyo," akasema, "na Desemba."